Kivuli Juu ya Mtulinga

Jumatatu, 6 Mei 1968
Barafu imechelewa tena. Bila barafu dawa ya kuoshea picha inapata moto na picha zinatoka kama zimemwagiwa chai. Tumeanza kazi jua likiwa juu.

Wanawake wachache leo. Wavulana wengi, wote wa safari. Msimu wao huu. Vyuo vya Ulaya vinamtaka kila mwombaji mwenye asili ya Bara Hindi, popote alipozaliwa, apimwe kwanza: picha ya kifua, damu, choo, chanjo ya ndui, halafu mtihani wa Kiingereza. Yote haya kabla ya kupewa nafasi. Mtoto wa meneja wa benki, Mwingereza, amekulia hapa hapa Maskati na anakohoa kuliko wote. Yeye anakwenda na barua ya skuli tu.

Kazi yangu ni ileile. Mwanamke anaingia nyuma ya pazia. Namvua mkufu na hirizi, namfunga nywele juu ya kichwa kwa pini, namtupia mtandio, namsimamisha kifua kikigusa ubao. Bwana Tomasi, mpiga picha wetu kutoka Kerala, yuko upande wa pili na mashine yake. Yeye hawaoni wanawake, wala wao hawamwoni. Ndiyo maana nimeajiriwa.

Nywele ndiyo kubwa. Msuko mnene wenye mafuta ukilala begani, kwenye picha unatoka kivuli juu ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Mahali hasa panapoanzia kifua kikuu. Bwana Tomasi alinifundisha hilo wiki yangu ya kwanza, akanionyesha picha ya mfano. Nilimwomba anionyeshe tena, mara tatu.

Jumatano, 8 Mei
Leo kaingia Bi Gulbanu, wa Unguja.

Sikumtarajia. Nilidhani yuko Karachi. Wamehamia Matrah, mji wa jirani, tangu mwezi uliopita, mumewe kapata kazi kwa binamu yake. Kaja na binti yake mdogo, Farida, aliyekuwa mtoto wa kuruka kamba nilipomwona mara ya mwisho. Sasa ni mrefu kuliko mimi. Chuo cha London kinamsubiri, kinataka cheti cha kifua.

Bi Gulbanu alinitazama, akanishika mashavu. "Sakina! Alhamdulillahi, mwanangu. Kumbe ulipona."

Nilisema nimepona. Filamu zimekwisha, meli inazileta. Nikamwandikia Farida Jumanne ijayo. Mwandiko wangu ulinyooka. Nimejisifu kwa hilo.

Alhamisi, 9 Mei
Niandike mara moja, kwa mpango, nisirudie tena.

Unguja, 1963. Nafasi ya chuo cha London kwa wasichana ilikuwa moja. Tuliobaki tulikuwa wawili, mimi na Nargis, binti mkubwa wa Bi Gulbanu. Bi Gulbanu ndiye aliyekuwa akiwaandaa wanawake katika chumba cha picha, kazi hii hii ninayoifanya mimi leo. Nargis alifungwa nywele kwa pini za mama yake. Niliona kwa macho yangu. Zamu yangu ilipofika nilishika msuko wangu, ulikuwa mpaka kiunoni, nikamuuliza niufanyeje. Akasema: "Uache tu, mwanangu. Wewe huna haja."

Kivuli juu ya mtulinga, upande wa kushoto. Daktari alinionyesha dirishani.

Nargis alikwenda London. Mimi nilichomwa sindano kila siku, mpaka sikio la kushoto likaanza kuvuma. Halijaacha mpaka leo. Wakwe walituma mtu kuvunja uchumba, kwa adabu sana, na halua. Mama akanitengea kikombe changu peke yangu, cha bati, rangi ya buluu. Tulipokimbia baada ya Mapinduzi tuliacha nyumba, duka na kaburi la baba. Kikombe kilikuja.

Kifua sikuwa nacho. Nilikuwa na nywele.

Pengine alisahau tu. Hilo ndilo linalonila. Nataka kujua. Nikijua nitamchukia vizuri.

Ijumaa, 10 Mei
Bi Gulbanu kaja kututembelea. Mama alifurahi mpaka akatoa mkeka mpya. Mtu wa Unguja, mtu wa kucheka naye. Walicheka kweli. Walimsema jirani yetu wa zamani aliyekuwa akipima samli huku kidole gumba kimo ndani ya kibaba. Nargis kaolewa, ana nyumba yenye bustani, kazi yake ya maabara. Mama alisema mashallah kila mara na hakunitazama hata mara moja.

Kahawa ilipokuja, Bi Gulbanu akamnong'oneza Mama. Nilisikia, kwa sikio zima.

"Shoga, usinione vibaya. Hivi vikombe navisuuzwe maji ya moto. Mwenzio nna woga tu, na huyu Farida anakwenda kupimwa."

Mama akaenda kuchemsha maji. Mama yangu. Na magoti yake yale yanayouma.

Namchukia. Nimeliandika hapa ili nisijidanganye kesho.

Jumatatu, 13 Mei
Filamu zimefika. Barafu pia.

Nimefikiri siku mbili. Kama ni makusudi, nitamrudishia vilevile, kipimo kwa kipimo. Isipokuwa sindano. Sindano hapana. Sikio la mtoto wa watu silitaki. Mengine yote nayataka.

Jumanne, 14 Mei
Sasa najua.

Bi Gulbanu alitaka kuingia na binti yake. Nikamwambia pazia ni la mmoja, sheria ya hospitali. Akasita. Halafu akafungua mkoba akanitia pini mkononi. Pini zake mwenyewe, zile nyeusi ndefu.

"Basi mfunge nywele vizuri, mwanangu. Juu kabisa."

Hakufikiri. Woga ulimtangulia. Mtu asiyejua nywele zinafanya nini kwenye picha haji na pini kutoka nyumbani. Nilimtazama, na yeye akajiona amesema nini. Akaanza kuongea habari za joto.

Ndani Farida alivua mkufu. Msuko wake ni mnene, unanukia mafuta ya yasmini. Akauinua. "Dada Sakina, huu niufanyeje?"

"Uache tu. Wewe huna haja."

Pini zilikuwa mfukoni mwangu. Nilimfunika mtandio. Bwana Tomasi akauliza kama tuko tayari. Nikasema tayari.

Sikujuta. Nilikula chakula cha mchana chote.

Alhamisi, 16 Mei
Daktari kasoma picha. Kivuli, kushoto, juu ya mtulinga. Cheti kimezuiwa. Dawa zianze Jumamosi, picha nyingine baada ya miezi mitatu. Nafasi ya chuo haitangoja miezi mitatu, kila mtu anajua.

Farida alilia bila sauti. Aliniuliza kama sindano zinauma. Nilisema ndiyo. Nilimwonea huruma. Chuki pia ilikuwapo. Zilikaa pamoja, hazikugombana.

Bwana Tomasi aliitazama picha muda mrefu kwenye mwanga. Akaniuliza kama nilimfunga nywele. Nikasema pengine nilisahau. Akasema mimi sijawahi kusahau. Akasema atamwambia daktari leo hii. Nikamwomba anipe mpaka Jumamosi asubuhi, nikamwapia kwamba sindano haitaingia. Hakupenda. Kanipa.

Ijumaa, 17 Mei
Alikuja, kama nilivyojua. Peke yake. Mama alikuwa anasali. Tulisimama mlangoni.

"Ulimfunga?"

"Kama ulivyonifunga mimi, Bi Gulbanu."

Alikaa kwenye kizingiti. Nilidhani atanitukana. Hakunitukana. Akasema Farida hana kosa. Nikasema mimi pia sikuwa na kosa. Akaniuliza nataka nini, bangili, chochote. Nikamwambia nataka jambo moja. Kesho Mama atakuwa hospitalini kwa dawa yake ya macho. Amwambie Mama kweli ya Unguja, kwa mdomo wake, kwa Kiswahili, mbele ya watu watakaokuwapo. Picha itarudiwa siku hiyohiyo.

Mama akamaliza kusali akamkaribisha chai. Bi Gulbanu akaingia, akakaa, akanywa. Hakuomba kikombe kisuuzwe. Akaondoka kabla ya magharibi, kabla milango ya mji haijafungwa kwa usiku.

Mtu anaweza kumwacha mwanawe achomwe sindano kuliko kusema? Nitaona.

Jumamosi, 18 Mei
Baraza ilijaa. Nusu yao watu wetu wa Unguja, kama kawaida ya Jumamosi. Mama kwenye benchi, kitambaa machoni. Bi Gulbanu mwisho wa benchi lilelile.

Nesi alichemsha sindano. Akamwita Farida. Farida akakunja mkono wa gauni.

Bi Gulbanu hakusogea.

Nesi akapaka spiriti. Nilikuwa nimeshapiga hatua, nimeshafungua mdomo kusema mimi. Nilimwapia Bwana Tomasi na ningesema. Hasira ilinishika, kwamba hata hili ataninyima.

Ndipo Bi Gulbanu akasimama. "Msimchome. Hana kitu. Ni nywele."

Daktari akatoka kwenye chumba chake kuuliza kuna nini. Bi Gulbanu alimgeukia Mama.

"Na Sakina hakuwa na kitu. Zilikuwa nywele, shoga. Mimi ndiye niliyeziacha. Nilijua."

Mwanamke mmoja akamwambia mwenzake aliyekuwa kiziwi, kwa sauti, maneno yote tena. Yakasikika mara mbili.

Mama aliondoa kitambaa machoni. Alimtazama Bi Gulbanu, halafu Farida aliyekuwa bado amekunja mkono wake, halafu mimi. Sikuweza kusoma uso wake. Akasema tu, "Mfunge mtoto nywele."

Nikamfunga. Kwa pini za mama yake.

Jumanne, 21 Mei
Picha ya pili ni safi. Daktari katia sahihi. Kanionya kwa uzembe, kaandika kwenye faili langu. Ni haki yake. Hajui Kiswahili, wala habari za 1963, na sikumweleza.

Watu wa Matrah wameacha kwenda kwa Bi Gulbanu. Aliyekuwa akimletea samaki haleti. Nilidhani nitafurahi zaidi. Nimefurahi, lakini kidogo kuliko nilivyopanga.

Uchumba hautarudi. London haitarudi. Sikio linavuma ninapoandika.

Farida alikuja kunishukuru kwa kumfunga nywele. Hajaelewa. Au ameelewa na ana adabu. Nikamrudishia pini.

Jumatatu, 2 Septemba
Barafu imefika mapema. Picha safi, zote.

Farida kaondoka na meli ya jana, atapandia ndege Bombay. Bi Gulbanu alimsindikiza peke yake. Nilimwona gatini kutoka dirishani.

Bwana Tomasi ni mpole kama zamani. Ila sasa, kabla ya kila picha, anauliza kutoka upande wa pili, "Nywele?" Nami lazima nijibu, "Zimefungwa." Zamani alikuwa akiuliza tu kama tuko tayari. Hataacha, naona.

Jioni Mama alikuwa amekwisha kumimina chai nilipofika. Bilauri mbili za kioo. Nilitafuta kikombe cha bati mahali pake, sikukiona. Chai ya bilauri yangu ilikuwa imepungua kidogo ukingoni. Mama alikuwa ameionja sukari.

Nikanywa.