Moshi Mweusi na Ufunguo wa Pipa

Kayanga, Jumanne, Novemba 1984. Mvua tangu alfajiri.

Wewe uliyefungua ukurasa huu, nakusihi usimsomee mtu hata neno moja. Usimsimulie mkeo, wala mwenzako wa kunywa naye rubisi. Kama huwezi kunyamaza, funga sasa hivi.

Naogopa. Niandike hilo kwanza, labda mengine yatakuja kwa utaratibu.

Mimi ni karani katika ofisi ya kununua kahawa, na ufunguo wa pipa la petroli ninao mimi peke yangu. Petroli siku hizi hupatikana kwa kibali. Jana asubuhi pikapu ya ofisi, gari la zamani lakini lisilo na matata, ilitoka uani ikikohoa na kutetemeka, moshi mweusi nyuma, ikashindwa kupanda kilima. Meneja akaniita mbele ya wapagazi. Akasema nimeuza petroli na kujazia mafuta ya taa. Amenipa mpaka kesho asubuhi nijieleze, la sivyo ataita polisi. Neno alilotumia ni mhujumu. Watu wanaingia ndani kwa neno hilo.

Sikuchanganya kitu. Lakini tangu jana najiuliza kama niliwahi kuliacha pipa wazi. Mtu akikutuhumu kwa sauti kubwa, unaanza kujipekua mwenyewe.

Leo Meneja alikuwa kwenye kikao. Nilimfuata mzee Kato, dereva wetu, aliyerudi jana asubuhi kutoka msibani Igurwa, alikokuwa tangu Ijumaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mhujumu," akajibu, akacheka peke yake. Kisha akauona uso wangu. "Basi, mwanangu, natania. Shika spana."

Tulianza na petroli. Nilidondosha tone kutoka kwenye tangi la gari juu ya karatasi nyeupe, na kando yake tone la mafuta ya taa kutoka kwenye chemli. La kwanza lilikauka bila kuacha kitu. La pili liliacha doa. Nikarudia na petroli ya pipa. Nayo ikakauka yote.

Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Kama petroli ni safi, moshi unatoka wapi?

Mzee Kato alifungua plagi za injini. Zote zilikuwa nyeusi, zimejaa masizi makavu. Nilimwambia kwamba shuleni tulifundishwa moshi mweusi hutokea kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha.

"Na shule yako inasemaje kuhusu choki?"

Tuliiangalia choki, kile kilango cha kubana hewa kwenye kabureta. Ilikuwa wazi, waya wake unateleza vizuri. Akaigonga kabureta kwa mpini wa bisibisi, akidhani kuna kitu kimekwama ndani. Tukawasha, moshi uleule. Ndipo akafungua kifuniko cha chujio la hewa.

Lilikuwa limejaa senene.

Si panzi mmoja wala wawili waliopotea njia. Wa kijani na wa kahawia, wamesagika, mabawa yameganda kwenye chujio kama yamepakwa gundi. Mzee Kato alimvuta mmoja kwa mguu, akamtazama.

"Gari limekula senene kabla yangu. Mimi mwaka huu sijaonja."

Sikucheka. Senene hawavutwi na injini iliyozimwa. Hufuata mwanga. Kuna mtu alilisimamisha gari hili gizani, taa zinawaka na injini inanguruma ili betri isiishe, watu wanaokota senene mbele yake. Mzee Kato alikuwa msibani. Ufunguo wa gari alimwachia Meneja. Na Meneja alituambia sote kwamba gari halikutoka uani tangu Ijumaa.

Kinachonichanganya zaidi ni bakuli.

Jana, kabla gari halijawashwa, Meneja aliniwekea mezani bakuli la senene wa kukaanga. "Kula, kijana. Wa mwaka huu wamenona." Nikala wote, nikashukuru. Muda mfupi baadaye akaniita mwizi. Je, alijua ubaya wa gari, akatafuta wa kumbebesha? Au hajui mpaka sasa, na anaamini kweli kwamba nimeiba? Anayeamini hivyo anaweza kuelezwa akaelewa. Anayejua, sijui anaelezwaje.

Tulilijaribu gari bila chujio. Likanguruma sawasawa, moshi ukapungua, ukaisha. Mzee Kato akataka tuwakung'ute senene, tunyamaze. Nikakataa. Gari likipona, Meneja atasema nimebadilisha petroli. Nikalirudisha chujio na senene wake, nikafunga kifuniko.

"Utamwambia nini?" akauliza.

"Sitamwambia. Nitamwomba afungue yeye mwenyewe, wapagazi wakiwepo. Waliosikia naitwa mwizi waone na hili."

"Na wewe utasimama wapi?"

"Nyuma yako, mzee."

Alicheka mpaka akashika bodi ya gari. Mimi nilikuwa nasema kweli.

Kesho nitafanya hivyo. Sijui Meneja atafanya nini akishafungua.

Ukinitafuta mchana ukakuta kiti changu kitupu, ujue nimejificha; usiulize ofisini. Panda gari la kwenda Kituntu, ushuke kanisani, uulizie nyumba ya mama wa karani, ndiye mama yangu. Usimtishe. Mwamkie, umwambie tu kwamba petroli ilikuwa safi. Atakuonyesha nilipo.