Kitabu Gani Kitamfaa Baba?

Tiruchirappalli, 2 Septemba 2019

Mwanangu Yazhini,

Pokea salamu zetu. Mimi mzima, mama yako mzima ila goti, na goti lenyewe huuma pale tu ninapoomba chai ya pili. Wewe je? Unakula, au bado unaishi kwa biskuti za ofisini huko Bengaluru?

Utacheka kuona barua na simu ipo. Simu ni ya mama yako. Nikiishika tu ananipokonya akuulize umekula nini. Hili ni letu wawili.

Ofisi inaitupa Kobol. Nimeandika programu kwa lugha hiyo tangu sijaoa, mishahara ya nusu ya mji imepita mikononi mwangu, na sasa meneja mpya, Prakash, kijana wa rika lako, anasema kila kitu kitaandikwa kwa Python. Tarehe kumi Oktoba tuna mtihani. Atakayeshindwa anashushwa kwenye ghala la mafaili hadi astaafu. Mule hamna hata dirisha, mwanangu. Naogopa.

Nichagulie kitabu. Video sitaki, wale vijana huongea kama wanaokimbizwa. Sokoni kwenye vitabu vya mitumba nimeona kimoja kinene kama tofali. Nikichukue?

Baba yako

Bengaluru, 7 Septemba 2019

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo, na ninakula, mwambie Mama. Goti lake lipe pole, na chai ya pili jipikie mwenyewe.

Hicho kinene kiache huko huko sokoni! Ni cha kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Tafuta chembamba, toleo jipya, chenye mazoezi kila baada ya kurasa mbili, na kila zoezi uliandike kwa mkono wako kwenye kompyuta. Kitabu cha programu hakisomwi kama gazeti, Baba, ukiwa umelala na miguu juu ya kiti. Nakujua.

Hutashindwa. Nani alinifundisha mimi kuhesabu?

Binti yako, Yazhini

Tiruchirappalli, 15 Septemba 2019

Yazhini, marahaba.

Huku kwema, mvua imeanza. Barua yako imenikuta nimeshanunua lile tofali. Nikanunua na chembamba. Vyote viwili vinadanganya!

Zoezi la kwanza kabisa, mistari minne ya kumsalimu mtu kwa jina, na mashine inaukataa mstari wa kwanza. Nimerudia mpaka kidole kimechoka. Mama yako, akipita na sahani ya idli, akasema, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Sikula idli hizo. Baadaye nilizila.

Nimekunakilia mistari yenyewe kwenye karatasi ya pili. Soma uone kama ni mimi au ni kitabu.

Baba yako

Bengaluru, 20 Septemba 2019

Shikamoo Baba,

Natumaini mvua haijaingia jikoni. Nimeandika mistari yako kwenye kompyuta yangu, ikakubali mara moja, ikanisalimu kwa jina. Kitabu hakina kosa, na kosa lako silioni. Jaribu kitabu cha tatu, kile cha watoto chenye picha. Usikasirike, ni kizuri kweli.

Yazhini

Bengaluru, 1 Oktoba 2019

Baba yangu, shikamoo tena.

Umenyamaza, na nyumba nzima tunajua ukinyamaza umeumia. Mama ameniambia kwenye simu kwamba umevipeleka vitabu vyote vitatu kwenye madhabahu ya Saraswati, mungu wetu wa elimu, kabla hata ya sikukuu yake, ukasema, "Avisome yeye, mimi nimeshindwa." Nilicheka, kisha nikalia.

Jana nimezitandaza barua zako mezani. Baba, kila mstari wako unaanza mbali na ukingo! Hata "Mwanangu Yazhini" imekaa katikati kama bwana harusi. Nikakumbuka: kwenye Kobol nafasi saba za mwanzo wa mstari mnaziacha tupu. Python haitaki hivyo. Ukiacha nafasi tupu bila sababu, inagoma. Mimi nilipoandika mistari yako nilianzia ukingoni, kwa mazoea yangu. Wewe uliziacha saba, kwa mazoea yako.

Barua hii huenda nikaitangulia. Naja nyumbani kwa sikukuu.

Yazhini wako

Tiruchirappalli, 14 Oktoba 2019

Mwanangu,

Natumaini umefika salama na murukku za kukaanga za mama yako hazikuvunjika njiani. Sisi hatujambo, ila nyumba imepwaya tangu uondoke.

Siku ile ya sikukuu, vitabu na kompyuta vilipolala madhabahuni, kusoma ni mwiko, na mama yako amesimama mlangoni kama askari asije mtu akasoma, nilidhani nitapasuka. Mtihani umebaki siku tatu! Kumbe pumziko lile lilinifaa. Na kesho yake, siku ya watoto kuanza kujifunza, uliponikalisha mbele ya sinia la mchele niandike kwa kidole mstari wangu wa kwanza, niliona haya, mzee mzima na mvi zangu. Ulipokuwa na miaka mitatu nilikushika kidole hicho hicho ukaandika herufi ya kwanza. Safari hii ulinishika wewe, ukakivuta kidole changu hadi kikagonga ukingo wa sinia, ukasema, "Hapa, Baba. Anzia hapa."

Kwenye mtihani mkono ulitaka kukimbilia kule kule. Nikakikumbuka kidole chako, nikaurudisha.

Nimefaulu, Yazhini. Si wa kwanza, lakini dirisha langu ninalo. Rafiki yangu Gopalan ameshindwa, ila wamempa mwezi arudie. Amenijia na lile tofali langu kwapani, nilimwazima, akiapa kwamba linadanganya. Nimemwambia alilaze, aje Jumapili nyumbani. Mama yako ameshatoa sinia.

Tena tazama: barua hii imeanzia ukingoni kabisa.

Mwanafunzi wako,
Baba