Mkono wa Kushoto Umekufa

Jumanne, 27 Mei 2025

Jino jingine linatoka. Nusifa anang'ata kila kitu — bega langu, rimoti, mguu wa meza. Usingizi wangu sijui uko wapi, labda umehamia kwa majirani.

Leo asubuhi karusha kiatu chake chini ya gari. Nikalala kifudifudi uani kama askari, nikanyoosha mkono, kitu kikanikwaruza. Tairi! Tairi ya mbele, kushoto. Kwa nje ina kashata zake zote, yale meno ya mpira, nzuri, nyeusi. Kwa ndani imelika upara mpaka waya zimetokeza. Na mimi kila siku napita hapo na beseni la nguo, nasema moyoni: sisi wenyewe tumechakaa, lakini angalau gari lina viatu.

Damu kidogo kidoleni. Nikakaa palepale chini na kile kiatu mkononi. Wiki ijayo ni Iddi. Tunakwenda Mbale, Namakwekwe, kwa Hajati, mama yake Latif. Nusifa amepewa jina lake, na Hajati hajamwona tangu aanze kutambaa. Kwa hiyo mwanangu atapelekwa Mbale juu ya waya.

Gari lilikuwa la marehemu baba mkwe. Siku ya kumaliza matanga Hajati alimkabidhi Latif funguo mbele ya watu wote. Akasema, likikushinda linakwenda kwa kaka yako Muhamad. Tangu siku hiyo Latif analiosha gari kuliko anavyomwosha mtoto. Analiosha nje.

Jumatano, 28 Mei 2025

Nimemwambia Latif. Anasema barabara ya Mbale imeharibika. Nikamuuliza, hiyo barabara inakula ndani tu, nje inaacha? Akaomba chai.

Nikamfunga Nusifa mgongoni, nikaenda mwenyewe kwa Gidudu, fundi wetu wa Walukuba. Alikuwa chini ya lori. Nikazungumza na miguu yake.

"Fundi, gari letu linakula tairi."

"Kushoto, kwa ndani," miguu ikajibu.

"Umejuaje?"

"Mama, hiyo taili si ya kwanza. Mkono wa kushoto umekufa. Ule wa chini, unashika gurudumu. Bushi zake, zile raba za maungio, zimekwisha, gurudumu limelala upande. Hata ukiweka taili ya ndege, litakula. Nilimwambia bwana yako tangu Februari: badilisha mkono. Yeye anasema hapana, toa ya nyuma, leta mbele."

Kumbe. Tangu Februari Latif analisha lile gurudumu tairi moja baada ya nyingine, kama ninavyomlisha Nusifa biskuti ili anyamaze.

Mkono mpya unatoka Kampala kwa sampuli ya ule wa zamani, kwa hiyo gari lazima lilale garaji mpaka ufike. Latif hataki lilale. Muhamad ana marafiki huku Jinja. Wakiliona kwa Gidudu bila gurudumu, Hajati atakuwa amejua kabla ya adhuhuri.

Tumegombana mchana kutwa. Mkono, mkono, huu mkono, mkono gani, mkono wako. Mwisho Nusifa katoa kidole mdomoni, kasema, "Ko." Neno lake la kwanza! Wanawake wengine wanaitwa mama. Mimi nimezaa spea.

Alhamisi, 29 Mei 2025

Hajati amepiga simu, Latif yuko bafuni. Nikasema leo namaliza. Nilisema hivi, nakumbuka vizuri:

"Hajati, naomba radhi, Iddi huenda tusije. Mkono wa kushoto umekufa. Tangu Februari, na mwanao anaficha."

Akasema: "Ya Rabbi. Mastula, umeonwa na mtu?"

"Umeonwa, Hajati. Amesema ubadilishwe."

"Ubadilishwe!"

Akapiga ukelele, simu ikakatika. Nilimhurumia, kweli. Nikasema, masikini, alimpenda marehemu, na gari ndilo kumbukumbu yake. Lakini kifua kimekuwa chepesi. Nimelala mchana pamoja na mtoto, kitu ambacho sikumbuki lini nilikifanya.

Ijumaa, 30 Mei 2025

Simu hazikomi. Muhamad ameuliza kama vidole vinacheza. Nikasema vidole gani? Akaniambia nisimfiche, yeye ni damu. Shangazi wa Busiu akauliza kama ulianza kwa ganzi au kwa jini. Halafu mama mwenye nyumba, Nazmin, kavuka ua na chupa ya mafuta ya haradali. Hajati amempigia. "Sugua kutoka begani kushuka," anasema, "na usimwache akae kwenye feni."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikarudia maneno yangu kichwani, moja moja. Neno "gari" halimo! Siku mbili tumekula mkono, tumelala mkono, nikasahau kwamba kuna watu duniani wana mikono mingine.

Nikamwambia Latif. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akaacha kucheka. Nilimwona — wazo linamwingia, kama paka anavyoingia jikoni.

"Usiwaambie," anasema.

"Ni uongo, Baba Nusifa."

"Uongo wa nani? Wewe ndiye umesema. Na kila neno ni kweli."

Hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Jumapili, 1 Juni 2025

Mkono wa Latif umekufa kweli. Hauwezi kushika ndoo. Hauwezi kukamua nepi. Hauwezi kumbeba mtoto akilia, "watu watauona dirishani, mpenzi." Mpira ulipoanza kwenye simu, mkono ukafufuka, halafu ukafa tena mimi nilipoomba kuni.

Nazmin anamletea supu. Mimi ninayebeba mtoto kwa mikono miwili hai, sijaletewa hata maji.

Alasiri nimewakuta wamelala mkekani, Nusifa kifuani pake, na ule mkono marehemu umemzunguka vizuri asianguke. Nikawaangalia muda mrefu. Nikamsamehe kidogo. Kidogo tu, na kwa upande wa nje.

Jumanne, 3 Juni 2025

Hajati anakuja. Keshokutwa. Anasema Iddi haiwezi kuliwa huku mwanawe yuko Jinja na mkono mfu, na kwa kuwa mkono wa kushoto ndio wa gia, Latif hawezi kuendesha. Kwa hiyo anakuja na dereva, Bogere, jirani yake. Bogere atatupakia sote katika gari la marehemu, pamoja na mtoto, mpaka Namakwekwe. Kuna mtu huko wa kumsomea na kumkanda.

Nikakimbia kwa Gidudu. Mkono wa Kampala, niliodhani umeshaagizwa, umefika wapi? Akanitazama. Hakuna aliyeagiza. Latif alimwambia asubiri kwanza, mambo yametulia.

Mambo yametulia!

Nyumbani nikamweka Latif mbele yangu. Nikasema mwambie mama yako kabla hajapanda teksi. Anasema Bogere ni mtu mzima, anaendesha polepole. Nikasema zile waya hazijui polepole. Kuna malori ya mafuta njia nzima, tairi ikipasuka mbele ya lori, Bogere atashika usukani au atashika utu uzima wake? Anasema ni mara hii moja tu, tukirudi ataagiza. Anasema mimi siijui familia yao, kwao gari likikutoka mkononi wewe ni mtoto mpaka ufe.

Hapo sauti yake ilikatika kidogo. Si utani ule. Nikamshika shavu. Nikamwambia, Latif, nitakupenda hata ukipanda boda. Lakini Nusifa haingii mle.

"Utamwambia nini Hajati?"

"Mimi nilishamwambia. Zamu yako."

Alhamisi, 5 Juni 2025

Wamefika kabla ya chai. Hajati na Bogere, na dumu la maji ya dua, na kuku wawili walio hai kwa ajili yangu. Kabla ya kukaa, kabla hata ya kumwangalia mtoto, Hajati kauchukua mkono wa Latif, kaulaza mapajani mwake, kaanza kuukanda. Analia bila sauti, machozi yanadondokea kwenye viganja vyake. Ni mama. Nilitaka kutoka nje.

Latif alitazama dari. Shingo imemwiva. Nikasema moyoni, sasa atasema.

Akasema, "Hapo hapo, Mama, panauma."

Basi nikasema mimi. "Hajati, mkono uliokufa ni wa gari. Ule wa chini, unaoshika gurudumu. Nilikosea kusema kwenye simu."

Akanitazama kwa huruma nyingi. "Mwanangu Mastula. Mke mzuri anamfunika mumewe. Lakini mimi nimemzaa, mimi usinifunike."

Nikamtazama Latif. Latif akatazama kuku.

Uani Bogere alikuwa anazunguka gari. Akaipiga teke tairi ya kushoto, kwa nje. "Hajati, taili nzuri hizi, mtoto wako anajua kutunza." Hajati kafuta machozi, kafurahi. Mara ya kwanza tangu afike. Akasema baba yake Latif angeona. Halafu akasema twende, mchana joto litamsumbua mgonjwa. Funguo ziko wapi?

Funguo zilikuwa kwenye msumari. Nikasema nambadilisha mtoto nepi. Nikamchukua Nusifa, nikachukua na funguo, nikaingia chumbani, nikaweka komeo.

Ndipo nilipo sasa. Nimezikalia.

Hajati yuko kwenye kiti cha mbele tayari, naona mtandio wake dirishani. Bogere anafunga dumu kwenye buti. Wananiita, Mastula, Mama Nusifa, tunachelewa. Nusifa amevaa kofia ya Iddi, ananing'ata goti.

Latif alikuja mlangoni. Akanong'ona: tafadhali. Akanong'ona kwamba Muhamad atalichukua. Nikamjibu kwa ufa wa mlango, alichukue. Akasema nisimwaibishe mbele ya mama yake. Nikasema mimi simwaibishi mtu, funguo nitampa.

"Nipe basi."

"Nitakupa uani. Mama yako akiwa anaangalia. Na utazipokea kwa mkono wa kushoto."

Nilimsikia anapumua. Halafu ndara zake zikaenda mpaka sebuleni, zikasimama. Uani Hajati kasema, "Latif, baba, mwache mkeo, atatoka. Njoo ukae, usiuchoshe huo mkono."

Ndara hazikuondoka hapo sebuleni.

Sasa zimerudi. Anabisha. Polepole, kama mgeni. Nimejaribu kusikiliza — huwezi kujua kwa sauti ni mkono gani unaobisha.

Nusifa kaacha goti langu, kautazama mlango. "Ko," kasema.