Saa Sita ya Ijumaa

Jumamosi, 3 Mei 2025

Asubuhi manyunyu, kisha mvua kubwa kuanzia saa moja. Mtaa wa Lindi maji hadi vizingitini. Nimefika ofisini saa mbili na dakika tano, viatu mkononi.

Daftari jipya, la tano. Kama kawaida naanza kwa kuandika mambo yalivyo, ili nikirudi kusoma nisipotee. Asasi yetu inaitwa Pindo. Tunawafundisha wanawake wanaorekebisha mitumba Mchikichini kusoma, kuandika na kushona kwa mashine. Wanafunzi thelathini na mmoja. Mwenyekiti ni Mama Shadya, wa duka la khanga Mtaa wa Kongo. Katibu ni mimi, tangu siku ya kwanza, miaka tisa. Mfadhili wa zamani aliondoka mwezi Machi. Mama Shadya anatulipia chumba kutoka mfukoni mwake hadi mwisho wa Juni. Baada ya hapo, bila ruzuku, tunafunga.

Sasa habari ya leo. Tangazo limetoka! Wafadhili wenye ofisi kule Posta wanatoa ruzuku kwa asasi ndogo za wanawake — ya miaka miwili. Nimelichapisha kwa Samson wa steshenari, nimelipigia mistari kwa rula, nimelitia kwenye faili. Maandiko ya kuomba yatumwe kwa barua pepe, mwisho Ijumaa tarehe 16.

Maandiko yote ya Pindo nimeandika mimi. Manne. Mawili yalikataliwa, moja halikujibiwa, moja lilituletea mashine tatu za kushona. La tano nilishaanza kulichorea jedwali.

Saa kumi Mama Shadya akapiga simu. Safari hii, akasema, andiko ataandika Joyceline, binti wa Tarsis wa duka la vitasa. Kamaliza chuo, Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba. Mimi nimpe mafaili tu.

Tu!

Nimelifuta lile jedwali. Lilikuwa la penseli.

Jumanne, 6 Mei

Mawingu, joto la kunata. Joyceline kaja saa nne kasoro robo. Kaniamkia vizuri, shikamoo dada Severa, kichwa kimeinama kidogo. Hata hapo sina la kumkosoa.

Kakaa kwenye kiti changu kwa sababu kiko karibu na feni na kompyuta yake inapata moto. Mimi nimekaa kwenye benchi la wanafunzi.

Nilimpangia mafaili kwa miaka, rejista za mahudhurio zote tisa, kila mwezi na kikaratasi chake. Akayatazama, akasema haya ni makumbusho kabisa, watu wangelipa kiingilio. Darasa zima likacheka. Nadhani alikuwa ananisifu. Kisha akapiga picha kila ukurasa kwa simu. Dakika ishirini. Miaka tisa yangu, dakika ishirini.

Siti, yule mama wa zipu, mwanafunzi wetu wa siku nyingi kuliko wote, kamletea nusu chapati iliyofungwa kwenye karatasi. Mimi Siti huniletea zipu zilizokwama.

Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Labda mwenyeji mwingine.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua usiku, asubuhi kavu.

Joyceline kaniachia rasimu niipitie tarakimu. Nimeisoma yote, kamusi pembeni, saa mbili na nusu. Tarakimu ni zangu na ziko sawa.

Ukurasa wa tatu kaeleza habari za Siti. Mimi kwenye andiko langu la mwisho niliandika kwamba Siti alikuwa hajui kusoma na sasa anasoma. Basi. Yeye kaandika kwamba Siti, kabla ya kuja darasani, alikuwa akiuza mashati bila kujua namba za kola. Mteja akiuliza saizi, Siti anapapasa kifuani anasema, jamani, miwani nimeiacha nyumbani, hebu nisomee. Miaka kumi na moja alifanya hivyo. Hajawahi kuwa na miwani.

Ni nzuri. Hapo ndipo ninapoumia. Nimemfahamu Siti miaka tisa, hajanisimulia. Yule kasimuliwa ndani ya siku mbili.

Ukurasa wa kumi na moja, orodha ya wafanyakazi. Nimeandikwa wa mwisho, mtu wa kusaidia kazi za ofisi. Nimetafuta kwenye kamusi mara mbili, huenda neno lina maana nyingine. Halina.

Jumatatu, 12 Mei

Jua kali, mara ya kwanza baada ya siku sita.

Nina desturi yangu. Tangazo lolote lenye saa, napiga simu kuuliza. Hili limeandikwa 12:00 PM, na saa za namna hiyo siziamini mpaka nimsikie mtu akizitamka. Saa tatu na dakika ishirini nikapiga kule Posta. Akapokea dada mmoja, sauti ya mafua. Akasema: "Saa sita mchana, dada. Siyo usiku. Wengi wanakosea hapo hapo. Ijumaa tukishatoka kwenda kuswali na kula, kinachoingia baadaye hakisomwi."

Nikamshukuru. Nikaandika kwenye karatasi ya njano: SAA SITA MCHANA. Nikaikunja, nikaiweka tayari kwa kikao cha jioni.

Kikao saa kumi. Mama Shadya kaja na kahawa kwenye chupa na kashata, ana furaha. Kasema wafadhili wakitukubali, mkuu wa mradi atakuwa Joyceline, na kwenye usaili ataenda yeye na Joyceline. Halafu akanigeukia mimi, maana nadhani uso wangu ulisema kitu. "Severa, wewe ni kama muhuri wetu. Bila wewe hakuna karatasi. Lakini muhuri si unapigwa mwisho, barua ikishaandikwa?" Watu wakacheka, mimi pia nikacheka. Nilikuwa wa mwisho kuacha kucheka.

Kisha Joyceline akaeleza mpango wake. Ijumaa asubuhi anakwenda Kibaha kumwona bibi yake anayeumwa, atarudi saa tisa alasiri. Mama Shadya atasaini bajeti. Andiko litaondoka jioni, mtandao ukiwa mwepesi. Mwisho si saa sita usiku? Muda upo wa kutosha. Mama Shadya akampigapiga begani: "Mwanangu huyu, kichwa."

Karatasi ya njano ilikuwa mapajani mwangu. Kalamu mkononi, maana muhtasari ninaandika mimi. Nikaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa: Imekubaliwa andiko litumwe Ijumaa jioni.

Jumanne, 13 Mei

Jua. Sijasema.

Nilijiambia nitasema leo akija. Hakuja. Lakini simu anayo, na mimi ninayo.

Nimejiuliza ninangoja nini. Nimejibu kwa uaminifu, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: nangoja akosee. Mara moja tu, mbele ya Mama Shadya, yule mwenye kichwa akosee kitu ambacho mtu wa kidato cha nne kama mimi alikijua.

Wivu. Nimeliandika neno, basi.

Jumatano, 14 Mei

Mawingu mepesi, upepo.

Siti leo kamaliza barua yake ya kwanza, kwa binti yake aliyeko Tunduru. Mistari minne. Kaniletea niikague. Herufi kubwa katikati ya maneno, ila inasomeka. Mstari wa mwisho: Nimeandika mimi mwenyewe usimuulize mtu.

Akaniuliza kama lile andiko limeshakwenda. Alipolisikia neno mara ya kwanza, akasema, alidhani ni andiko la dini, akashangaa wazungu wanataka aya za nini kutoka Mchikichini. Tukacheka wote wawili. Kisha akaacha kucheka. Kasikia kwamba bila ruzuku mwisho wetu ni Juni. Kusoma anaweza, kuandika ndiyo kwanza. Kugawanya hesabu hajafika. "Sasa mwalimu, mimi nikomee wapi?"

Nikamwambia Mungu yupo.

Mungu yupo, na karatasi ya njano ipo, kwenye pochi yangu, chini ya kitambulisho.

Usiku niliandika ujumbe kwenye simu. Joyceline, mwisho ni saa sita mchana, niliuliza Jumatatu. Nikalifuta neno Jumatatu. Nikaweka leo. Lakini akimpigia yule dada wa Posta kuhakikisha, si atasema kuna mtu wa Pindo alikwisha uliza? Nikafuta yote. Kila nikichelewa, kusema kunakuwa kugumu zaidi. Jumatatu ningekuwa nimeokoa jambo. Leo nitakuwa nimekiri.

Alhamisi, 15 Mei

Asubuhi safi, mbingu imeoshwa, Ilala yote imeanika nguo.

Joyceline kaja mapema, saa mbili na robo, mimi na yeye tu. Kanionyesha bajeti, kaniomba niikague kwa kuwa mimi, kasema, jicho langu haliruki kitu. Nikakagua. Nikakuta makosa mawili madogo, nikamwambia. Makosa madogo namwambia.

Kisha, akiwa anafunga kompyuta, akaniuliza bila hata kunitazama: "Dada Severa, wewe ndiye mtu wa saa hapa. Mwisho ni saa sita, si ndiyo?"

Nikamjibu: "Saa sita."

Naandika hapa kama ilivyokuwa. Hakuuliza saa sita ipi. Angeuliza, ningemwambia. Nadhani ningemwambia. Sikusema uongo, nilisema nusu, na Kiswahili kikanisaidia. Saa sita ni saa sita. Hata mahakamani ningesimama.

Lakini hakuishia hapo. Alipofika mlangoni akasema amezungumza na Mama Shadya kuhusu usaili. Anataka na mimi niende. Wakiuliza habari za wanafunzi atasema nini, yeye amewajua siku kumi tu? Akasema pia kwamba ule ukurasa wa wafanyakazi aliunakili kutoka kwenye andiko la shirika alikofanya mafunzo, hakuusoma vizuri, ameurekebisha, mimi sasa ni mratibu wa darasa, nimsamehe. Akashuka ngazi.

Nilibaki nimesimama. Nikahesabu hadi ishirini, sijui kwa nini. Nikatoka mbio. Chini kwenye duka la magodoro wakasema kapanda bodaboda, anaelekea Msimbazi.

Ningepiga simu pale pale. Niliitoa kabisa. Darasa la saa tatu likaingia, nikafundisha. La saa nane nikafundisha. Jioni nikafagia, nikapanga mikasi. Kila kazi niliyoiona ilikuwa ya lazima.

Saa tatu na nusu usiku, hapa nyumbani, nikapiga. Nilishaandika kwenye karatasi nitakachosema, sentensi tatu, pamoja na Jumatatu. Niliamua na Jumatatu niiseme.

Ikaita mara mbili. Akapokea, na nyuma yake kelele za sahani, watoto, redio. Nikasikia sauti ya Mama Shadya, karibu kabisa, ikiuliza ni nani. Ni dada Severa, Joyceline akajibu. Mama Shadya akasema, sauti ya mtu aliyeshiba: "Mwambie kazi kesho. Leo mwanangu anakula."

Kumbe yuko kwake. Mtaa wa Sikukuu, ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Naujua mlango ule. Miaka tisa nimefika pale na karatasi za kusainiwa. Huwa anazisaini pale pale mlangoni, akiegemeza ukutani, ananiambia asante Severa, wahi giza lisikukute. Rangi ya kuta za ndani siijui.

"Dada Severa, kuna nini?" Joyceline aliuliza. Sauti nzuri, ya wasiwasi wa kweli.

Sentensi tatu zilikuwa mbele yangu, kwa mwandiko wangu.

Nikamuuliza kama asubuhi alifunga dirisha la upande wa mashine, mvua isije ikaingia.

"Nimefunga, dada. Lala salama."

Dirisha nilifunga mimi mwenyewe jioni.

Mambo yalivyo sasa. Anaondoka kwenda Kibaha saa kumi na mbili asubuhi. Bajeti haijasainiwa. Andiko liko kwenye kompyuta yake, na kompyuta kasema ataiacha kwa Mama Shadya. Mimi huamka saa kumi na moja na nusu bila kengele. Kutoka hapa hadi Mtaa wa Sikukuu kwa miguu ni dakika ishirini na tano. Kibaha nako simu inashika. Muda upo. Kuanzia asubuhi hadi saa sita mchana ni saa sita nzima, mtu anaweza kusema sentensi tatu mara nyingi mno.

Nilizima taa saa nne kasoro dakika kumi. Nimeiwasha tena kuandika haya, na nikayasoma tena tangu mwanzo, na nimesahihisha herufi mbili. Saa saba na robo. Nalala.