Maji ya Kumwosha Rafiq

Hamriya, Muscat
Juni 2007

Mama mpendwa,

Pokea salamu za mwanao Mghanga. Mimi ni mzima, sina hata mkwaruzo. Wewe je, goti linakuruhusu kufika kanisani? Najua mmesikia redioni Muscat imezama, na kila ukipiga simu hunipati. Laini zilikatika, Mama. Ndiyo maana nampa mwenzangu Mwakio barua hii, anakuja Voi likizo.

Kimbunga wamekiita Gonu. Kilitoka mbali baharini, kikapita kisiwa cha Masirah, kikapiga Sur, kisha kikapanda na pwani hadi kwetu. Tulijifungia chumbani watu wanane, mabati yakipasuka nje. Wadi, lile korongo kavu tunalovuka kila siku kwa miguu, lilijaa likabeba magari. Rafiq, fundi viatu Mbangladeshi wa hapo chini, alitoka kwenda kufunga duka lake. Maji yakamchukua.

Upepo ulipotulia, mifereji ya majumbani ikakauka. Mji mzima umelowa na hakuna maji ya kunywa! Basi sisi madereva wa malori ya maji hatukupumzika. Bosi akaniambia, "Peleka Azaiba, kwenye ile nyumba kubwa. Usisimame njiani."

Nilikuwa napita hapa kwetu Hamriya ndugu yake Rafiq aliposimama mbele ya lori, mikono juu.

"Mghanga, tumempata. Hatuna maji ya kumwosha tumzike."

Mama, ningepitaje? Nikashuka, nikafungua bomba. Walipojaza ndoo zao, watu wakawa wameshatokea kila kichochoro na madumu, wengine na sufuria. Sikuweza kufunga. Nilikumbuka ulivyokuwa ukitembea hadi kioski cha maji na kurudi na dumu tupu.

Nilifika Azaiba na nusu tangi. Mwenye nyumba, mama wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, akauliza, "Mbona maji yamepungua?" Nikamweleza yote.

"Maiti kakoshwa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi haya yantosha. Mimina."

Lakini bosi alikuwa ameshasikia. Jioni hiyo alininyang'anya ufunguo mbele ya wenzangu, akasema nitarudishwa Kenya. Nilikwenda kumzika Rafiq, kisha siku mbili nikashika sepetu na wenzangu, tukitoa matope madukani. Nilikuwa na hofu, Mama, nisikufiche. Ila sikujuta hata kidogo.

Siku ya tatu bosi aliniita. Madereva hawatoshi na watu wanampigia kelele. Akauweka ufunguo mezani. Sikuuchukua.

"Nitaendesha," nikamwambia, "lakini safari ya kwanza kila asubuhi ni ya Hamriya."

"Unanipangia kazi?"

"Naomba, bosi. Bila hiyo, tafuta dereva mwingine."

Aliusukuma ufunguo upande wangu. Akasema, "Ya kwanza tu. Yallah, nenda."

Najua utataka nirudi nyumbani. Naomba usinikasirikie, sirudi sasa. Barabara ya pwani imekatika na watu bado wanapanga foleni. Nitakuja kazi hii ikiisha.

Nisalimie dada Wakesho na shemeji seremala, na mjomba anayesaga unga kwenye posho mill. Umwombe mchungaji amkumbuke Rafiq pia, ingawa hakuwa wa kanisa letu. Naishia hapa, Mama. Kumekucha, na Hamriya wananingoja.

Mwanao akupendaye,
Mghanga