Jina la Kogo Limeenda kwa Joyce

Jumamosi, mwezi wa nane, 1994. Sosiot.

Leo ni baridi ile ya kuvaa sweta mbili na bado unasugua mikono. Ukungu umelalia majani chai tangu asubuhi, na hakuna aliyetoka kuchuma mapema. Mimi nimeamka na roho mbaya. Naandika hivyo kwa sababu hapa hakuna wa kunisikia, na kwa sababu ni kweli.

Namwonea wivu mtoto ambaye hajaanza hata kucheka.

Mama yake pia, Joyce, mke wa shemeji yangu mdogo, wale wanaokaa Bomet. Lakini huyo nimemzoea. Nimezoea nywele zake za kutiwa dawa ya saluni na viatu vyake visivyojua matope. Sasa ni mtoto mwenyewe, jamani. Kitu kidogo kimefungwa kwa shali, na mimi mtu mzima nakiangalia kama kimeniibia.

Na kimeniibia. Wacha nieleze.

Kwetu mtoto akizaliwa, wamama wazee wa ukoo wanakuja. Wanaomba kwanza, ili pasta asipate la kusema. Halafu wanaita majina ya watu wa ukoo waliokufa, moja baada ya lingine, huku wanamsogezea mtoto ugoro kidogo puani. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Mtoto anabeba hilo jina pamoja na lake la kila siku, na watu wanamchukulia kama huyo mtu mwenyewe. Kanisani tunaenda kila Jumapili, lakini hili hatujaliacha, na sijasikia wa kuliacha.

Mimi nilimtaka Kogo. Kogo kwa lugha yetu ni nyanya, yaani bibi, lakini kwangu alikuwa mama mkwe, na sisi wote tulimwita hivyo. Jina lake la ukoo lilikuwa Taplelei. Alianguka akichuma chai, upande mmoja wa mwili ukafa, akalala kitandani mwaka mzima na zaidi. Nilimlisha uji kwa kijiko. Nilimgeuza asipate vidonda. Nilimwosha kila siku, nikambadilisha nguo, nikamsuka nywele ingawa zilikuwa zimebaki chache. Tulipiga stori nyingi, yeye na mdomo wake uliopinda, mimi nikimalizia maneno aliyoshindwa kusema. Mama yangu mzazi sikuwahi kukaa naye hivyo.

Joyce alikuja mara mbili tu kipindi hicho chote. Mara ya pili alileta machungwa. Kogo hakuweza kuyatafuna, kwa hivyo ni mimi niliyekamua, ni mimi niliyeshika kikombe. Na baadaye kila mgeni aliyeingia aliambiwa habari ya machungwa ya Joyce. Juma zima, machungwa, machungwa. Nilicheka na wageni lakini niliumia.

Kogo alipokufa kabla ya Krismasi, nilikuwa na mimba inayoonekana. Watu walinishika tumbo kule kwa mazishi wakasema, huyu anaenda kurudi hapa hapa, ataenda wapi kwingine? Nikaamini. Nilimlilia kidogo kuliko wengine kwa sababu nilijua namngoja.

Chelangat wangu akazaliwa mwezi wa kwanza. Senge, dada yake Mzee baba mkwe wangu, ndiye anayeongoza wamama wakati wa kuita majina, na ndiye aliyemshika mtoto. Mimi nililala pale pale nikisikiliza. Waliita majina mpaka nikashangaa ukoo huu una wafu wangapi. Nilijiambia la Kogo wameliweka mwisho kwa heshima. Hawakufika mwisho. Waliposema Tapnyobi, mtoto akapiga chafya.

Tapnyobi! Shangazi fulani wa zamani ambaye hakuna anayekumbuka jambo lake zuri. Alipenda ugomvi na tumbaku, basi. Wamama wakashangilia, na mimi nikatabasamu kwa sababu ungefanya nini?

Halafu mwezi uliopita Joyce akajifungua msichana, Chepkorir, Senge na wamama wakaenda kuita majina, na habari zikatufikia kwamba Kogo amerudi Bomet.

Nililia nyuma ya zizi. Baba Chelangat aliniuliza macho yana nini, nikamwambia moshi.

Leo ndio wamemleta mtoto nyumbani mara ya kwanza. Mzee alikuwa amenyoa ndevu. Sijamwona akinyoa tangu mazishi. Alimpokea yule mtoto kwa mikono miwili, akakaa naye chini, akamwambia polepole, "Umefika? Ulikaa sana." Halafu akaanza kumpa habari za nyumbani, ng'ombe gani amezaa, ni wapi ua umeanguka, kama vile mtu amwambiavyo mke wake aliyetoka safari. Chelangat wangu alikuwa ametambaa mpaka kwenye mguu wake, anavuta suruali. Mzee akamsukuma taratibu na kiatu. Taratibu, sikatai. Lakini nilimwona.

Nikaenda jikoni kutengeneza chai. Joyce akanifuata, akasimama mlangoni, akaniambia kwa furaha tu, bila ubaya wowote, "Mama Chelangat, hata hawakuhangaika. Jina la kwanza kuitwa, akapiga chafya."

Jina la kwanza.

Nilimwaga maziwa. Kwangu waliita karibu ukoo mzima na hilo jina halikutoka hata mara moja. Kwake likawa la kwanza? Hapo ndipo nikajua nimefanyiwa kitu. Nikachota mahindi kwenye debe, nikamfunga Chelangat mgongoni, nikasema naenda kisiagi kusaga. Unga ulikuwa umejaa nyumbani, na Joyce aliuona.

Njiani nilipanga maneno. Kesho baada ya kanisa, jamaa wote wakiwa wamekaa, nitasimama niseme mbele ya Mzee kwamba Senge alimpangia Joyce. Kwamba ugoro uliwekwa kwa jina moja tu. Wacha wote wajue huyo mtoto si Kogo. Nilijiona nikisema, nikaona sura ya Joyce ikianguka, na nakiri nilisikia utamu.

Kumbe sikuwa na haja ya kungoja kesho. Mvua ya mawe ilipoanza, watu wote waliokuwa barabarani wakakimbilia kwa kisiagi, na nani akaingia akipangusa kichwa? Senge. Aliketi kwenye gunia kando yangu, akamshika Chelangat shavu, akamwita Tapnyobi. Mashine ilikuwa inanguruma, hakuna mtu angetusikia. Sikumsalimia vizuri. Nilimuuliza moja kwa moja kama alimwekea mtoto wa Joyce ugoro mwingi.

"Nilimwekea kama ninavyowawekea wote," akasema. "Hata huyu wako nilimwekea."

"Na jina la Kogo, Senge? Mbona kwangu hukuliita?"

Alijipangusa matone ya mvua usoni. Halafu akasema, "Ulikuwa unahesabu."

Nikamwambia sikuhesabu, nilikuwa nangoja. Nikamwambia kesho nitasema mbele ya watu.

Senge akanishika goti. "Kogo mwenyewe alinikataza nisikwambie. Lakini nikiangalia hiyo sura yako, naona utakuja kumchukia mtoto wa watu bure." Akasogea karibu na sikio langu. "Aliniita akiwa amebakisha siku chache. Ulikuwa umeenda mtoni. Akaniambia, 'Mke wa mkubwa amenibeba vya kutosha. Akizaa, usiniite pale. Nikirudi kwake ataanza upya kunilisha na kuniosha, na mgongo wake umeisha. Nipeleke kwa yule mwingine, siku akipata. Huyo bado hajanibeba.'"

Zamu ya mahindi yangu ilikuwa imefika, yule wa mashine ananiita, na mimi nimekaa tu. Senge ndiye aliyeinuka akakinga mfuko. Aliporudi aliniambia, "Alikupenda sana, mama. Usimlaumu." Mvua ilipopungua akaenda zake.

Nimerudi nyumbani na ule mpango wangu wa kesho umekufa. Nitasema nini na mwenyewe ndiye aliyepanga?

Nilimkuta Joyce anazunguka nyumba na mtoto anayelia. Nguo yake nzuri imetapikiwa begani. Mzee alikuwa amekimbia kelele, ameenda kuangalia ng'ombe. Nilifurahi kidogo. Nimeshasema nina roho mbaya. Akaniuliza kama maji ya moto yapo, mtoto amejichafua mpaka mgongoni, nikamwekea maji kwenye karai. Mikono yangu ilitaka kumpokea. Nikaifunga kwenye leso, kwa sababu hii ni kazi aliyopewa yeye, na mwenye kuigawa alijua anachofanya.

Basi nikasimama nikamwangalia Joyce akimwosha. Anaogopa maji. Anaosha haraka haraka, hajui kushika shingo, hajui kupitisha kidole nyuma ya masikio. Mtoto akalia, akalia, na Joyce akalia pia, polepole, akidhani sioni. Aliniambia hajalala tangu ajifungue. Akauliza Kogo naye alikuwa msumbufu hivi? Nikamwambia ndiyo, sana, lakini unazoea.

Sasa wamelala chumba cha pili. Kila mtu ananiona nimetulia, na Senge akiulizwa atasema alinituliza. Nilipaswa kushukuru. Mtu anakufa na bado anafikiria mgongo wako, si hiyo ni heshima kubwa? Najiambia hivyo tangu jioni. Chelangat yuko hapa kwenye miguu yangu anapigana na blanketi, mgomvi kweli, na nampenda. Kesho nitamshika mtoto wa Joyce kanisani ili mama yake asinzie kwenye mahubiri. Nimeamua hivyo, na nitafanya.

Lakini wivu haujatoka, na leo nimeelewa kwa nini. Mimi sikumtaka kwa sababu ya sifa. Nilikuwa nimezoea uzito wake mkononi.

Kogo, nani alikwambia nimechoka? Ulipanga na Senge nikiwa mtoni, mkakubaliana, mkamaliza. Ningekuosha tena. Ungeniuliza.