Kiwanja cha Chini ya Korongo

Mdogo wangu Gervas,

Mungu akulinde huko bondeni, wewe, mkeo na wanangu. Ng'ombe wetu Bruna amezaa salama, na jibini la mwaka huu limetoka zuri.

Ombi lako la kurudi kujenga limekubaliwa. Umepewa kile kiwanja cha chini ya korongo. Wewe uliondoka mdogo, hujui kwa nini babu zetu walibanana wote nyuma ya mwamba wakapaacha pale patupu. Theluji ikiporomoka kutoka mlimani, njia yake ni korongo hilo hilo. Kijiji kizima kinajua. Wanasema aliyeoa mgeni hana nafasi nyuma ya mwamba.

Jana baada ya misa nilimkuta mzee Ambros akichonga majina yenu kwenye boriti ya mlango wa nyumba yenu mpya, kama ilivyo desturi yetu, hata la kichanga.

"Mbona unachimba sana, mzee?"

"Ili yasomeke, Filomena. Tukiifukua boriti thelujini, tunaipeleka moja kwa moja makaburini!"

Wanawake wakaangua kicheko, rozari mikononi.

Msije. Ukiulizwa, sema mkeo ameikataa milima. Watafurahi kumsengenya.

Nawapenda mno, ndiyo maana nawafukuza.

Dada yako,
Filomena